Mtandio wa Wakongwe

Mizani ya Bi Arwa ilikaa juu kabisa ya ngazi, mbele ya mlango wa sebule, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuikanyaga. Ngazi zenyewe zilikuwa thelathini na mbili, za mbao, nyembamba na za kusimama wima, na kamba ya kushikia ilikuwa inang'ara kwa mikono ya watu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanachama wa Wepesi walizipanda mmoja mmoja, wakahema, wakavua viatu, wakapanda mizani, na Badriya, katibu wao, akaandika kwenye daftari.

Wepesi kilikuwa kikundi cha watu waliofanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa tumbo ili wapungue mwili. Wenyewe hawakusema operesheni. Walisema kukata. Umekata lini, umekata wapi, fulani kakata mwezi uliopita. Walikuwa wanawake hamsini na kitu na wanaume wanne, na wengi wao waliwaficha hata ndugu, wakawaambia kuwa walikwenda Dar kutolewa mawe ya nyongo. Katika sebule ile tu ndipo waliposema kweli.

Rahila alipanda nyuma ya binti yake, Asila. Magoti yalianza kumuuma kwenye ngazi ya kumi. Yeye alikata miaka minane nyuma, Bara Hindi, wakati hapa Unguja hakuna aliyejua jambo hilo. Wa pili, wa tatu na wa nne wote walikwenda kwanza nyumbani kwake Kikwajuni, wamejifunika nyuso, kumuuliza yanaumaje na mtu anakula nini baadaye. Kikundi kilianza kwenye mkeka wake. Lakini mwaka wa tano uzito ukaanza kurudi, na sasa kilo thelathini na moja zilikuwa zimesharudi. Badriya aliandika namba bila ya kuinua uso.

Asila alipopanda yeye, Badriya aliisoma namba kwa sauti. Wiki kumi tangu kukata, kilo ishirini na sita zimetoka. Hakuna mpya aliyewahi kushuka haraka namna ile. Watu walipiga makofi, na Asila, msichana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Uroa, aliziba mdomo kwa mkono akacheka. Kisha akakaa chini upesi, kwa sababu miguu ilikuwa haimpi uhakika.

Siku ile Bi Arwa, mwenye nyumba na mwenyekiti wa kikundi, alikuwa na tangazo. Yeye mwenyewe alikata miaka mitatu nyuma, akabaki mwembamba, na alikuwa mtu wa maneno yaliyopangwa. Alisema wapya wamekuwa wengi, kila mtu anawapa ushauri wake, na wao wanachanganyikiwa. Kwa hivyo kamati imekaa na imeamua nani ni mkongwe. Mkongwe ni aliyetimiza miaka miwili tangu kukata na hakurudisha zaidi ya kilo tano. Wakongwe ndio watakaokaa mbele, watasema mwanzo, na ndio pekee watakaowajibu wapya, hapa sebuleni na kwenye simu. Jibu la mtu mwingine litafutwa. Na ili wajulikane, kanunua mitandio ya zambarau pale Darajani, kumi na mmoja, kitambaa kimoja.

Rahila alikuwa ameshakaa mbele ya mkeka, mahali alipokaa siku zote. Tangu zamani yeye ndiye aliyekuwa akisema kuwa mkongwe ni kila aliyeuvuka mwaka wa kwanza, kwa sababu huo ndio mwaka wenye mitihani, na aliyeuona anaweza kumwambia mwenzake. Hakuna aliyempinga, wala hakuna aliyeiandika popote.

Badriya alimwinamia. "Bi Rahila, tupishe hapa kidogo. Ni pa wakongwe."

Mwanamke mmoja wa nyuma aliuliza kama Bi Rahila si ndiye wa mwanzo wao wote. Bi Arwa alijibu kwa upole.

"Bi Rahila tunamheshimu. Lakini mpya akimtazama, atasema nini? Atasema, mbona basi nikakatwe bure?"

Wawili watatu walicheka. Haikuwa kwa ubaya, kilikuwa kicheko cha watu wanaoogopa jambo hilo hilo. Rahila aliweka kiganja chini, akajiinua kwa goti la kulia ambalo lilikuwa na nafuu, akaenda kukaa karibu na mlango, palipokuwa na viatu. Mitandio ikagaiwa. Asila alikuwa miongoni mwa wapya, anatazama vidole vyake vya miguu, na hakugeuka nyuma.

Nyumbani walikaa wanne. Rahila na wanawe wawili, Asila na kaka yake Junaid, na Bi Shemsa, mama wa marehemu mume wake, mzee wa miaka themanini ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima. Bi Shemsa naye aliambiwa mawe ya nyongo.

Siku mbili baada ya kikao, Asila alipokuwa kazini, bibi alimwita Rahila akamtaka afunge mlango. Akamuuliza kama anajua mwanawe ana mimba.

Rahila alicheka. Bibi alimngojea amalize.

"Kila alfajiri anafungua mfereji maji yamwagike, ati tusisikie. Miye nimezaa saba. Matapishi nnayajua. Mtafute huyo mwanamme kabla tumbo halijatoka, tumfungishe ndoa yaishe."

Ndipo Rahila alipojua kuwa binti yake anatapika. Alimngojea Asila arudi, akamfuata chumbani, akamuuliza anatapika tangu lini. Asila alisema kidogo tu, chakula kinakwama. Rahila akauliza tena, na baada ya kuulizwa mara tatu Asila akasema wiki ya nne hii. Hata maji mara nyingine hayakai. Na miguu ina ganzi, kama mtu aliyevaa soksi asizoweza kuzivua.

Rahila alikaa kitandani. Mwezi wa pili baada ya kukata, yeye naye alitapika siku kumi na sita, na miguu ikafa ganzi vivyo hivyo. Aliporudishwa hospitali kule Bara Hindi, muuguzi alikuwa ameshatundika chupa ya maji ya sukari, na daktari mmoja mzee akaingia, akaichomoa ile chupa kwa hasira mbele ya watu. Akaagiza sindano za vitamini B kwanza, nyingi, ndipo sukari baadaye. Halafu akamuandikia Rahila kwenye karatasi jina la dawa na kiasi chake, akamwambia aiweke maisha yake yote. Mwili unaotapika muda mrefu unaishiwa na vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inamalizia kidogo kilichobaki, na kinachoharibika ni ubongo. Rahila alikuwa na karatasi hiyo mkobani mpaka leo, imekunjwa mara nne ndani ya kipochi cha kitambulisho.

Alimwambia Asila waende kesho akachomwe. Asila alisema atauliza kwanza kwenye kikundi.

Aliandika jioni ile ile. Badriya alimjibu kwa haraka, na maua matatu mwishoni. Alisema wote walitapika, tumbo linajifunza. Apunguze kiasi, atafune mara arubaini, asinywe maji na chakula pamoja. Ganzi ni mafuta yanaondoka kwenye mishipa, itapita yenyewe. Wakongwe wengine wawili waliandika kuwa hata wao, hata wao. Chini yao Rahila akaandika kwa kidole kimoja, polepole, habari ya chupa na sindano, na jina la dawa herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi. Alipoinuka kutia maji ya chai na kurudi, maneno yake hayakuwapo. Palikuwa na mstari mmoja tu uliosema kuwa ujumbe umefutwa na msimamizi.

Bi Arwa alimpigia simu baadaye kumuomba radhi. Alisema si kwa ubaya, ni utaratibu, na ukivunjwa kwa mmoja utavunjwa kwa wote. Mambo ya sindano na ubongo yanatisha watu. Wiki ile walikuwa na watatu wanaojiandaa kukata.

Asila alikuja jikoni na simu mkononi. Hakupaza sauti.

"Mama, unanitia aibu."

"Kachomwe sindano, mwanangu, halafu aibu yangu tutaizungumza."

"Wao wamefika, Mama. Wewe umerudi. Nikikusikiliza wewe, ntakuwa wewe."

Rahila alikuwa anakatakata vitunguu. Alimaliza kile alichokuwa nacho, akachukua chengine. Asila akatoka.

Kwa siku nne hawakusemezana. Rahila hakuwa mwanamke wa kinyongo, na majirani wote wangemshuhudia, lakini siku nne hizo alikuwa nacho. Alimwekea binti yake uji kwenye kikombe kidogo, akaufunika, akaondoka. Moyoni alisema, basi na wamtibu hao wa zambarau. Siku ya pili Asila alijimiminia chai ikamwagika kando ya kikombe, na yeye akaendelea kumimina, hajaona. Rahila aliona. Akachukua kitambaa akafuta meza. Siku ya tatu Asila alikwenda chooni ameshika ukuta, na Junaid alipomuuliza alisema ni uchovu tu. Asubuhi ya siku ya nne alipokuwa akitoka kungojea gari ya wafanyakazi wa hoteli, alimuaga kaka yake kwa jina la baba yao, ambaye alikuwa kaburini mwaka wa sita. Junaid alicheka, akadhani mzaha. Rahila alisimama na ufagio mkononi. Alisema moyoni atazungumza naye jioni, akirudi.

Saa sita mchana simu ilitoka Uroa. Asila ameanguka mapokezi mbele ya wageni.

Junaid aliazima gari ya bosi wake. Njia nzima Rahila alishika mkoba kwa mikono miwili. Walimkuta kwenye zahanati ndogo ya njiani ambako watu wa hoteli walimpeleka kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, amelazwa chini ya feni, na juu yake imetundikwa chupa ya maji ya sukari. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa tupu, imewekwa dirishani.

Rahila alimwambia tabibu aifunge. Tabibu huyo, Borafya, alikuwa kijana aliyechoka, amekaa zamu tangu jana, na hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa nini. Rahila akatoa karatasi, ikamwia vigumu kuikunjua. Borafya aliitazama juu na chini, maandishi ya daktari wa mbali, wino umeingia kwenye mikunjo.

"Mama, wewe ni muuguzi?"

"Miye si muuguzi. Huyu kakata mfuko wa tumbo. Anatapika mwezi mzima. Na miye nlikata, mwaka wa nane huu, nayajua haya."

Borafya alimtazama kuanzia miguu mpaka kichwa, taratibu, kama anayetafuta mahali palipokatwa. Nyuma yake mkunga wa zahanati aliinamisha uso kwenye daftari lake, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Watu wa hoteli walisema hawajui habari ya kukata. Kwenye kazi Asila aliandikisha mawe ya nyongo.

"Huyu kakauka," Borafya alisema. "Anataka maji na sukari, apate nguvu. Hizo vitamini tutampa vidonge akizinduka."

Rahila aliushika mpira wa chupa. Junaid akamshika mkono yeye.

"Mama, muwache daktari afanye kazi yake."

Hata Junaid. Rahila aliuachia. Matone yaliendelea kushuka, naye akayatazama. Chupa ya pili ikamalizika, ikatundikwa ya tatu. Ilipofika alasiri macho ya Asila yalikuwa yanarukaruka, hayatui popote. Alimuuliza mama yake kama baba kesharudi kutoka msikitini. Akaulizwa yuko wapi, akasema yupo nyumbani. Akaulizwa mara nyengine, akasema yupo kwenye boti. Hapo Borafya mwenyewe aliingiwa na wasiwasi, akaandika barua ya kumpeleka mjini.

Hospitali ya mjini alimpokea daktari mwanamke, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Aliisoma karatasi mara moja tu na papo hapo akaagiza sindano. Alichoma ya kwanza kwa mkono wake. Alipomaliza alirudisha karatasi, akamuuliza Rahila ilikuwa wapi siku zote hizi.

"Mkobani," Rahila alisema.

Akaikunja mara nne, akairudisha kwenye kipochi.

Macho yalitulia katika wiki moja. Miguu ilirudi nusu, akaweza kusimama akishikwa na kwenda hatua chache. Kilichobaki hakikurudi.

Asila aliyakumbuka mambo ya zamani yote. Aliwakumbuka walimu wake wa skuli, harusi za binamu, bei za vyumba vya hoteli kwa msimu na nje ya msimu. Alikumbuka mpaka siku za kujiandaa kukata, na hapo kumbukumbu ilikatika. Kilichotokea baada ya hapo hakikukaa, wala cha leo hakikukaa mpaka adhuhuri. Kila asubuhi aliamka akiwa msichana mnene anayengojea safari yake.

"Mama, lini nnakwenda kukata?"

Mwanzo Rahila alimwambia kweli. Alimwambia, mwanangu, ulishakata, ukaumwa, sasa unapata nafuu. Asila alitazama mikono yake, akaigusa mifupa ya kifundo, akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Baada ya robo saa alikuwa ameshasahau, na machozi yakiwa bado mashavuni anauliza tena. Rahila alimliza hivyo kwa miezi mitatu, akidhani ndiyo dawa. Siku moja Bi Shemsa, ambaye sasa alijua yote, alimwambia imetosha, unamfisha mara kumi kwa siku. Tangu hapo Rahila akawa na jibu jengine.

"Mwezi ujao, mwanangu."

Na Asila akaridhika.

Watu wa Wepesi walikuja mara moja, wanne, na matufaha na maji ya zabibu. Badriya alilia kwa dhati. Alisema hayo ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu na kila mwili una siri yake. Bi Arwa alimshika Rahila mkono akamwambia kikundi kinamuombea dua kila kikao. Hakuna aliyeutaja ujumbe uliofutwa, na Rahila hakuutaja pia, kwa sababu kila alipoufikiria ulifuatana na meza aliyoifuta chai. Utaratibu wa kikundi ulibaki ulivyo.

Miaka miwili ilipotimia tangu Asila akate, Badriya alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Alisema walikuwa wakipitia daftari, na kwa hesabu za daftari Asila ametimiza masharti. Miaka miwili, na hakurudisha hata kilo moja. Mtandio wake upo tayari. Wangependa aje Jumamosi, wamvishe mbele ya wapya.

Junaid alisema ni matusi. Aliinuka akatoka nje, akarudi, akasema tena ni matusi. Bi Shemsa aliuliza hao watu wana akili gani. Rahila aliiweka simu mapajani, akasema watakwenda.

Alikuwa na sababu. Mkongwe ana haki ya kusema mwanzo na hakuna wa kumfuta. Wiki nzima, akimchana nywele, akimuosha miguu, alimfundisha Asila maneno machache. Ukitapika siku tatu usingoje, kachomwe sindano ya vitamini kwanza. Asila aliyarudia vizuri, kwa sauti yake ile ya mapokezi, na alipoulizwa kabla ya nywele kumalizika, mara nyengine yalikuwapo. Alhamisi alibaki nayo kutoka uji mpaka chai ya saa nne. Rahila alifurahi siku ile kama mtu ambaye mwanawe kapasi mtihani.

Jumamosi Junaid alimbeba dada yake mgongoni, akapanda ngazi thelathini na mbili bila kuhema. Rahila alifuata, kila ngazi na pumzi yake. Juu kabisa Badriya alimshika Asila makwapa, akamsimamisha kwenye mizani.

"Arubaini na nane," alisoma.

Sebule ikapiga makofi. Wapya walikuwa wengi, kumi na watano hivi, wanawake wanene waliojikunja kwenye mkeka kwa haya ya miili yao, na walimtazama Asila kwa macho ya tamaa. Hawakuambiwa kitu zaidi ya namba. Miguu yake ilifunikwa na buibui, na alipokalishwa mbele kwenye mto, alionekana msichana mwembamba mzuri anayetabasamu. Bi Arwa alimvisha mtandio wa zambarau mabegani kwa mikono yake mwenyewe, akaunyoosha, akampiga picha.

Rahila alikaa penye viatu.

"Haya, mkongwe wetu," Bi Arwa alisema. "Wape wapya neno moja."

Asila aliangaza macho sebuleni. Alimuona mama yake kule mlangoni, na Rahila akaanza kumtamkia kwa midomo bila sauti. Ukitapika. Siku tatu. Midomo ya Asila ilitikisika kidogo, kama inakaribia. Kisha ikaachia, na badala yake likaja tabasamu la mtu muungwana aliyedhaniwa kuwa mtu mwengine.

"Mmenifananisha tu," alisema. "Miye bado sijakata. Nnakwenda mwezi ujao, inshaallah. Mama ndiye mkongwe. Yeye ndiye wa mwanzo wetu. Muulizeni yeye."

Wapya waligeuka nyuma. Wengine walidhani ni utani wakacheka, wengine walimtazama Bi Arwa wapate kujua wacheke au wasicheke. Badriya alikuwa anatafuta kitu kwenye daftari.

Rahila alisimama. Hakuwa amejiandaa, na goti la kulia nalo lilikuwa limekufa ganzi kwa kukaa, akajishikia kwenye nguzo ya mlango. Akayasema yeye yale maneno aliyoyafundisha wiki nzima. Akaongeza habari ya chupa ya sukari na habari ya macho. Akasema huyu mliyempigia makofi hakupungua, alikuwa anatapika, na mimi nlijua, nkanyamaza siku nne. Sauti yake haikuwa kubwa, na mwisho wake haukusikika sana kwa sababu msichana wa kazi aliingia na sinia la vikombe.

"Ahsante, Bi Rahila," Bi Arwa alisema. "Mungu akupe subira. Lakini tusiwatie wapya khofu, wana safari mbele yao. Nani ana suala kwa wakongwe?"

Mwanamke mmoja kijana, aliyekuwa pembezoni mwa mkeka, alikuwa bado anamtazama Rahila. Alikuwa na midomo iliyokauka, na mkono mmoja ameuweka juu ya tumbo. Alimtazama kuanzia miguu, akapanda mpaka kiunoni, mpaka kifuani, mpaka usoni. Rahila akamngojea. Yule mwanamke akatabasamu kwa adabu, akageuka, akajikokota kwenye mkeka mpaka karibu na Badriya, akamsogezea mdomo sikioni. Badriya alimsikiliza akiitikia kwa kichwa. Rahila hakusikia suala, lakini alisikia jibu, maana Badriya alilisema kwa sauti ili liwafae na wengine. Sote, mdogo wangu. Sote tulitapika.

Walipoteremka, Junaid alitangulia na dada yake mgongoni, na Rahila nyuma, anashuka kwa ubavu, mkono kwenye kamba. Mtandio wa zambarau ulikuwa unaburuzika kwenye ngazi. Rahila aliinama akaunyanyua, akaendelea kuushika ncha yake asije Junaid akaukanyaga.

"Mama," Asila aliita.

"Naam, mwanangu."

"Wale watu wamenipenda. Lini nnakwenda kukata?"

Zilikuwa zimebaki ngazi tisa. Rahila alishuka moja, akaleta mguu wa pili kando ya wa kwanza, akapumua.

"Mwezi ujao," alisema.